Uongozi si Cheo

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyotufunza wazee, na ndivyo alivyolelewa kijana wa Ujiji, wa Kibirizi na wa vijiji vyote vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Lakini methali hii, iliyo njema kwa adabu, humponza anapoketi kuandika barua ya kuomba kazi. Tangazo linataka mtu awezaye kuongoza wenzake. Yeye hujitazama, akajiona hajapata kuwa mkubwa wa lolote, akaandika jina la shule yake, daraja alilofaulu na ahadi ya kufanya kazi kwa bidii. Basi. Hata akiitwa kwenye usaili, hunyamaza pale alipopaswa kusema.

Chanzo cha kosa hili ni kuchanganya uongozi na cheo. Cheo mtu hupewa; uongozi huonekana katika tendo. Nahodha wa mtumbwi wa dagaa huondoka jioni na wenzake, akakesha nao ziwani gizani. Ndiye aamuaye taa ziwashwe wapi, nyavu zivutwe lini, na ni wakati gani upepo umezidi hata iwapasa kurudi mikono mitupu. Asubuhi husimamia mgawo mbele ya mwenye chombo na wavuvi. Vivyo hivyo mama mwanika dagaa aliyekabidhiwa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, na daftari lake halikupungua hata shilingi. Hawa wameongoza, ijapokuwa hawana ofisi wala muhuri.

Mkoa wa Kigoma una ushahidi mkubwa wa jambo hili. Mwezi Mei 1975, watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni katika kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe. Watafiti wa kigeni wakaondoka. Kazi haikufa. Wasaidizi Watanzania, wengi wao watu wa vijiji vya jirani wasio na shahada yoyote, waliendelea kuwafuata sokwe milimani na kuandika habari zao siku baada ya siku. Utafiti ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960 haukukatika, kwa kuwa walikuwapo watu walioshika usukani bila kungoja kuteuliwa.

Je, mwombaji afanye nini? Asiandike kwamba yeye ni kiongozi shupavu. Maneno hayo kila mtu anayo. Na aeleze tendo: palikuwa na shida gani, yeye alifanya nini, na matokeo yakawa nini. Kwa mfano, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Amri ilitoka juu, lakini ilibidi ifikishwe mwaloni, kwa wavuvi waliokuwa na watoto wa kulisha. Kijana aliyekuwa katika kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi ana habari ya kusimulia: mikutano aliyoitisha, hoja alizojibiwa, makubaliano yaliyopatikana. Hata pale aliposhindwa, aseme alijifunza nini. Ila aseme kweli tupu, na amtaje mtu awezaye kuithibitisha, maana uongo wa barua hufichuka kwa swali la pili.

Kusema hivyo si majivuno. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na uonevu, lakini haukumkataza mtu kutoa hesabu ya kazi yake. Anayejisifu hutaka atukuzwe. Anayetoa hesabu hutaka apimwe.

Neno letu la pili ni kwa maofisa. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2007 yaliyounda Sekretarieti ya Ajira, inataka kazi ipatikane kwa ushindani ulio wazi. Ushindani huo hautakuwa wa haki ikiwa wasaili watahesabu vyeo vya mwombaji bila kuuliza matendo yake. Aliyesoma mjini hupata vyama vingi vya kuongoza. Wa mwaloni ana mtumbwi na kikundi. Na aulizwe: “Tueleze siku ambayo wenzako walikutegemea.” Swali hilo moja litamfungua kinywa.

Wasomaji wetu wa visiwani wanayajua haya. Huko nako wamo vijana walioongoza vyombo katika dhoruba, lakini wakatetemeka mbele ya meza ya wasaili. Tukiwaacha wanyamaze, wao watakosa kazi, na ofisi zetu zitakosa watu waliokwisha kupimwa na maji. Chombo hakimtaki nahodha mwenye kofia nzuri. Chamtaka ajuaye kukifikisha bandarini. Ajuaye huyo, na aseme.