Mtazamaji Asidharauliwe

Yako malalamiko ambayo kila aliyewahi kukaa na watu baada ya kutazama filamu ya taratibu, filamu ambayo wahusika wake hunyamaza kuliko wanavyosema, na ambayo humalizika pasipo mwovu kuadhibiwa wala mwema kutuzwa, hana budi kuwa ameyasikia: kwamba haina kichwa wala miguu, kwamba aliyeitunga amewachezea watu akili, na kwamba muda uliopotea mbele yake ungalitosha kutazama mchezo mzima wa mpira na wasaa ukabaki. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, wala wanaoyatoa si wajinga, kwani mtu aliyelipa fedha yake na kukaa juu ya ubao kwa saa mbili ana haki kamili ya kuuliza amepewa nini. Lakini iko kauli nyingine, hutolewa kwa upole na watu wanaojihesabu kuwa wajuzi, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu: kwamba filamu za namna hiyo si za watu wa hapa kwetu, mashariki ya Kongo, kwamba mtu wa Sange, wa Kiliba au wa Uvira, aliyezoea ngumi na bunduki za nyumba za video, hawezi kuzifahamu, na kwa hiyo ni aula aachiwe anachokijua. Malalamiko ya kwanza ni hukumu ya mtazamaji juu ya filamu, na hukumu hiyo ni haki yake. Kauli ya pili ni hukumu juu ya mtazamaji mwenyewe, nami naipinga.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2023 Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, aliipeleka filamu yake Augure kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, nayo ikatunukiwa tuzo ya Sauti Mpya katika kundi la Un Certain Regard. Kisa chake, kikielezwa kwa ufupi, si kigumu: Koffi anarudi Kongo kutoka Ulaya pamoja na mchumba wake Alice, aliye mjamzito, ili alete mahari na kupatana na jamaa waliomtenga tangu utotoni kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo usoni, alama waliyoihesabu kuwa ya shetani; huko anampakata mtoto mchanga wa dada yake, damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto, na jamaa wote wanashikwa na hofu na ghadhabu. Hapo mtazamaji hungojea aambiwe kama Koffi ni mchawi kweli au amesingiziwa. Badala yake filamu inamwacha Koffi, inamfuata Paco, kijana wa mitaani anayemlilia dada yake aliyekufa, kisha Tshala, dada wa Koffi, kisha Mujila, mama yao, kila mmoja na mzigo wake, ilhali ndoto na mambo ya kweli yanaingiliana bila ya mpaka, na baba aliyeletewa mahari haonekani.

Ni bayana kwamba filamu kama hiyo huwaudhi wengi. Lakini nauliza: nani aliye na ujuzi zaidi wa jambo linalosimuliwa humo, majaji wa Cannes au sisi? Mtoto kuogopwa na watu wa nyumbani mwake, neno la uchawi kutamkwa mara moja na kumwandama mtu maisha yake yote, mama kukaa kimya mbele ya shutuma za ndugu wa mume, haya si mambo ambayo Mkongo huhitaji kutafsiriwa. Anayeuliza baada ya filamu kama Mujila alimchukia mwanawe, au alimwogopa, au alimtoa nyumbani ili kumwepusha na watu wabaya zaidi, mtu huyo hajashindwa kuifahamu filamu; amekwisha kuingia ndani yake, na swali lake ndilo hasa filamu iliyotaka alichukue aende nalo nyumbani.

Dhana kwamba watu wetu hawana uwezo wa kufahamu sinema yenye fumbo haikuzaliwa leo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, Waingereza waliendesha jaribio lililojulikana kwa kifupi kama BEKE, wakitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, na kuzizungusha katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Na tangu 1939 Idara ya Filamu za Makoloni, iliyokuwa chini ya William Sellers, ilishikilia kanuni kwamba Mwafrika aonyeshwe picha nyepesi, za polepole, zisizoruka kutoka mahali hadi mahali, na zisizo na jambo lolote ambalo maana yake haikuwekwa wazi. Upande wetu, chini ya Wabelgiji, hali haikuwa mbali na hiyo: Mapadri Weupe wa Bukavu walikuwa na filamu zao, na wamisionari wenzao wa Kasai walitengeneza zile za Matamata na Pilipili zilizowachekesha watu katika miaka ya 1950, na nyingi katika filamu hizo zilijengwa juu ya fikra kwamba mtazamaji ni mtoto wa kushikwa mkono. Inafaa kuitazama vema tofauti iliyopo hapa, kwa sababu zote mbili, za zamani na za leo, huitwa za polepole. Filamu ya Sellers ilikwenda polepole ili imweleze mtazamaji kila kitu, kwa kuwa hakuaminiwa. Filamu ya Baloji humwachia mtazamaji kazi ya kuunganisha mambo, kwa kuwa anaaminiwa. Msomi wa leo anayesema kwamba sinema ya namna hii ni nzito mno kwa watu wa kijiji anairudia kauli ya Sellers, yamkini bila ya kujua.

Na kwa nini tuamini kwamba hatuwezi, ilhali fumbo ni mali yetu ya kale? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ambayo rafiki na adui walilazimika kuketi na kuyafumbua, na hakuna aliyedai kwamba watu wa mjini wasomewe mambo mepesi zaidi. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, washika arudhi walikataa kuyaita yaliyomo mashairi. Alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, wako walionung'unika kwamba riwaya hizo hazishikiki, hazina kisa cha kufuatwa, na kwamba ndani yake mtu hajui aliyelala ni nani na aliye macho ni nani. Na leo vitabu hivyo vinajadiliwa katika vyuo vikuu, na manung'uniko yale yenyewe yamekuwa sehemu ya elimu yake. Hata huku kwetu, aliyekaa katika barza ya wazee wakati wa shauri la shamba au la ndoa anajua kwamba mzee mwenye hikima hasemi neno lake moja kwa moja. Huanza mbali, hupita kwenye methali, hunyamaza, na wanaomsikiliza hujua kwamba katika kule kunyamaza ndimo limo neno lenyewe.

Hapa sina budi kusema jambo juu ya nyumba zetu za video, kwani ndizo zinazolaumiwa kwamba zimeharibu macho ya vijana. Humo filamu za kigeni huja na mtafsiri, fundi wa maneno anayeweka Kiswahili juu ya sauti za wachezaji, kama alivyofanya marehemu Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Mtafsiri huwapa watu wa filamu majina tunayoyajua, huonya, hukejeli, hueleza nani ni nani, na akiona kimya kimerefuka hukijaza kwa maneno yake. Wako wanaosema kwamba mtazamaji aliyelelewa na mtafsiri hawezi tena kuvumilia filamu inayonyamaza. Mimi naona kinyume chake. Aingiaye katika nyumba ya video atawakuta watazamaji hawakukaa kama mawe: wanabishana na mtafsiri, wanamkataza mhusika asifungue mlango, wanatabiri litakalokuja, na mwenye kuona mbali hupata heshima mbele ya wenzake. Hawa ni watu waliozoea kutafuta maana kwa pamoja na kwa sauti, na filamu isiyojieleza haihitaji kitu kingine kuliko hicho. Kasoro ya nyumba ya video ni nyingine kabisa: filamu ikiisha, nyingine huwekwa papo hapo, na neno lililokuwa limeanza kupikika kinywani mwa mtu hukosa mahali pa kusemwa.

Sasa niseme kwa nini jambo hili, ambalo mtu angeweza kuliona kuwa la anasa katika nchi iliyochoshwa na vita, mimi naliona kuwa ni la haja. Mwaka 2017 Alain Gomis, mtengenezaji wa filamu mwenye asili ya Senegal, alitoa Félicité, aliyoipiga Kinshasa, ikapata Dubu wa Fedha wa majaji huko Berlin na Farasi wa Dhahabu wa Yennenga huko Ouagadougou. Félicité ni mwimbaji wa baa. Mwanawe Samo anapata ajali ya pikipiki, na mama anauzunguka mji kutafuta fedha za operesheni, kwa wanaodaiwa naye, kwa baba wa mtoto, hata nyumbani kwa tajiri. Hapo moyo wa mtazamaji hudunda, na hakuna anayelalamika. Lakini mguu unakatwa, mbio zake zinakuwa zimepotea bure, na filamu, badala ya kuisha, inaendelea kwa muda mrefu: mtoto hasemi, mama anasimama mbele ya wanamuziki na sauti haitoki, Tabu, mwanamume anayempenda mama huyo, anarudi tena na tena kulitengeneza friji lake bovu, na usiku msitu unatokea ambao hatuambiwi kama ni wa duniani au wa ndotoni. Wengi husema kwamba nusu hii ya pili ingekatwa. Mimi nasema kwamba kwa ajili yetu sisi, nusu hii ya pili ndiyo filamu yenyewe.

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa Sange, na moto uliozuka uliangamiza watu zaidi ya 200, wengine wao wakiwa wamekusanyika kutazama Kombe la Dunia, siku ambayo Ghana ilicheza na Uruguay kule Afrika ya Kusini. Magazeti ya ulimwengu yaliandika idadi, yakaandika sababu, yakaandika maziko ya pamoja, kisha yakaenda kwingine, kwa kuwa habari ina mwanzo na mwisho wake. Waliobaki hawakupewa mwisho. Mjane aliyeamka mwezi wa pili, na wa sita, na mwaka wa tano, akapika, akafua, akapita mahali palepale akienda sokoni, yeye aliishi katika ile nusu ya pili ambayo watu wanataka ikatwe. Na kama mtu angetaka kukitengenezea filamu kisa hicho kwa kanuni ya mwema na mwovu, angemweka nani kuwa mwovu? Dereva? Barabara? Dhiki iliyomfanya mtu aliyaone mafuta yanayomwagika kuwa riziki? Jitimai ya namna hii haina mshtakiwa mmoja, haina siku ya kuhukumiwa, wala haifuati mwendo wa haraka. Na sanaa inayotaka kuisema kwa insafu haina budi kukaa, kungoja, na kukubali kwamba maswali mengine hayatajibiwa. Watu waliopitia hayo wasiambiwe kwamba filamu za huzuni isiyojieleza ni za Wazungu.

Haya yote hayana maana kwamba kila filamu ya polepole ni ya hikima. Ziko zinazonyamaza kwa sababu hazina la kusema, na ziko zinazojificha nyuma ya ukungu kwa sababu aliyezitunga hakufikiri mpaka mwisho, naye hutegemea kwamba hakuna atakayethubutu kukiri kuwa hakuona kitu. Mizani ninayoitumia mimi ni hii: watazamaji wawili wakihitilafiana juu ya maana yake, je, kila mmoja anaweza kunyoosha kidole kwenye jambo lililoonekana ndani ya filamu, tendo, uso, au neno lililosemwa, likawa ushahidi wake? Wakiweza, filamu ina fumbo, na fumbo ni tunu. Wasipoweza, kila mtu akawa anatia maana yake kutoka mfukoni, basi filamu ni tupu, na waliolalamika walisema kweli. Mizani hii haitaki shahada. Inataka macho, kumbukumbu na ulimi, na hivyo vyote vipo Sange.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba za video kutoka Luvungi hadi Uvira, pamoja na mapadri na wachungaji wenye kumbi, na walimu wa shule za sekondari, wajaribu jambo moja lisilo na gharama kubwa: mara kwa mara waweke filamu kama Félicité au Augure, mtafsiri awepo kwa ajili ya lugha tu na akiache kimya kiwe kimya, na mwishoni taa iwashwe, nyingine isiwekwe, watu wapewe saa nzima ya barza. Wamama waulizwe kwanza, kwa kuwa filamu hizi mbili zimewabebesha wanawake mzigo wake mkubwa, na katika nyumba za video wao ndio wanaosikika kwa uchache. Mtazamaji akiisha kuulizwa kwa staha ameona nini, akajibu kwamba filamu ni mbaya, basi na iwe mbaya kwa hoja zake alizozitoa mbele ya wenzake. Lakini asiwepo mtu wa kumzuia mlangoni, kabla hajaitazama, akimwambia kwamba haikutengenezwa kwa ajili yake.