NYUMBA NA AFYA: Titi Likiondolewa, Mama Habaki Nusu

Katika mji wa Rumonge, kiasi cha kilomita 70 kusini ya Bujumbura, akina mama huamka kabla ya mapambazuko wakaenda ufukoni kupokea ndagala. Mchana huwaanika juani, na wengine hurudi kwenye mapipa ya mawese. Miongoni mwa akina mama hao hodari wamo wanaoficha uvimbe kifuani, chini ya kitenge, mwezi hata mwezi. Si kwamba hawajui njia ya hospitali. Wanaogopa kisu, na kuliko kisu wanaogopa neno moja: mwanamke asiye na titi atarudishwa kwao.

Hofu hiyo ni adui mkubwa, kwa sababu saratani, ambayo wengi huiita kansa, haimngoji mtu. Uvimbe wake mara nyingi hauumi mwanzoni. Ngozi ya titi ikibonyea au ikiwa kama ganda la chungwa, chuchu ikizama ndani au ikitoa damu, yampasa mama aende kwa mganga wa hospitali juma hilo hilo. Ugonjwa ukikutwa ungali mdogo, pengine uvimbe peke yake huondolewa na titi likabaki. Ukiwa umeenea, titi lote hukatwa, na kwa kawaida chuchu nayo huenda.

Hata hivyo, sayansi haikuishia kwenye kukata. Mwaka 1962, katika mji wa Houston, Marekani, madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow walimtilia mwanamke kwa mara ya kwanza mifuko ya silikoni kifuani. Madaktari wengine hutumia nyama ya mgonjwa mwenyewe, iliyochukuliwa mgongoni au tumboni. Lakini titi lililojengwa hivyo huwa tupu, halina chuchu wala lile duara la rangi linaloizunguka. Ndipo daktari huweza kukunja ngozi kidogo ili kuinua mfano wa chuchu, kisha rangi ikatiwa kwa sindano, yaani chale. Kazi hii ilianza kuelezwa na madaktari katika miaka ya 1970. Baadaye mchoraji chale Vinnie Myers, wa jimbo la Maryland huko Marekani, akajulikana kwa kuchora kivuli na mwanga hata ngozi iliyo bapa ikaonekana kama ina chuchu.

Kazi yenyewe haifanywi kwa haraka. Husubiriwa miezi kadhaa hadi kovu lipoe. Maumivu huwa madogo, kwa kuwa ngozi ya mahali palipopasuliwa mara nyingi hupoteza hisia. Rangi hupauka kadiri miaka inavyopita, na pengine huhitaji kurudiwa. Kwa ngozi nyeusi fundi hana budi kuwa mjuzi zaidi: rangi ya waridi ifaayo Wazungu haifai hapa, huchanganywa kahawia na nyeusi mpaka zilingane na titi la pili. Mwenye ngozi ambayo makovu yake huvimba na kutuna aseme mapema. Na sindano iwe mpya kwa kila mtu, kwa maana sindano chafu huleta homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Mama Mwislamu ataona vema kumwuliza shekhe wake, kwani wanazuoni wengi hukataza chale za urembo, na hili ni jambo la tiba na la siri ya mwili wake.

Yafaa kusema kweli: huduma kama hiyo ni ya gharama, na iko mbali na mwambao wa Tanganyika. Je, mama wa Rumonge au Nyanza-Lac akae na huzuni? La. Katika Kenya, wanawake waliopona wamekuwa wakifuma matiti ya uzi kwa ajili ya wenzao. Titi la nguo laweza kushonwa nyumbani pia.

Kidonda kikiwa bado kibichi, hutiwa pamba nyepesi tu. Daktari akisharuhusu, hukatwa vipande viwili vya kitambaa laini cha pamba: cha nyuma kiwe duara bapa, cha mbele kiwe kipana zaidi na kitiwe mikunjo pembeni ili kitune. Vikishaunganishwa, hujazwa pamba safi, na katikati huwekwa kifuko cha mtama au mchele mkavu hadi uzito ulingane na titi la pili. Uzito huo si pambo. Huzuia bega kuinama upande mmoja na mgongo kuuma. Ndani ya sidiria hushonwa mfuko wa kulishika lisihame. Nafaka hutolewa kabla ya kufua, na hubadilishwa mara kwa mara isipate ukungu. Anayependa hushona mbele duara dogo la kitambaa cheusi zaidi. Hiyo nayo ni chuchu, na haikuhitaji sindano.

Mkono wa upande uliopasuliwa nao unataka ulinzi, maana tezi za kwapani zikiondolewa mkono huweza kuvimba. Mama aunyooshe na kuuinua taratibu kila siku kama alivyofundishwa. Ndoo nzito ya maji ichukuliwe na mwingine. Akichambua samaki avae glavu, kwani mwiba mdogo huweza kuleta usaha. Mkono ukiwa mwekundu na moto, aende hospitali siku ile ile.

Limebaki neno la mume. Toka mwaka 2007 askari wengi wa Burundi walikwenda Somalia, na wako waliorudi na majeraha ya maisha. Askari aliyepoteza mguu haambiwi kuwa amekuwa nusu mtu. Husimuliwa kwa heshima. Basi mke wake aliyepoteza titi katika vita vyake, akarudi nyumbani akiwa hai, anastahili heshima ile ile. Mume ndiye wa kwanza kulitazama kovu, na jinsi atakavyolitazama siku ile ndivyo mke atakavyojitazama kwa miaka mingi. Naye asisahau kifua chake: katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mmoja hivi huwa mwanamume.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Titi laweza kujengwa kwa nyama, kwa rangi au kwa kitambaa. Mama aliyechelewa kwa kuogopa kuachwa hakuna fundi awezaye kumrudisha. Jioni hii, katika nyumba za kambini na za ufukoni, mume na aulize, na mke na ajibu bila kuficha.