Choo Chetu na Kisima cha Jirani



Enyi mama, dada na mabinti zetu, nanyi waume wenye dhamana ya nyumba, juma hili nimekusudia kusema juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja: choo.

Wazee wetu walilishughulikia mapema. Anayezuru magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa yapata karne ya 17, ataona vyoo na visima katika nyumba za mawe. Lakini jiwe letu la pwani ni tumbawe, lenye nyufa na matundu. Maji hupita humo upesi, bila kuchujika kama yachujikavyo katika udongo. Kwa hiyo shimo la choo lililo karibu na kisima laweza kukitia vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, hali maji yaonekana safi machoni.

Nasema haya kwa kujishtaki. Nyumba yetu mjini Malindi ni ya urithi, na choo chake ni shimo lililochimbwa zama za babu. Kisima cha jirani yetu, bibi mjane, ki hatua kumi tu kutoka hapo. Masika yaliyopita shimo lilijaa, na wajukuu wa bibi wakashikwa na tumbo la kuendesha. Mama watoto akaniambia, "Maalim, kila siku wawafundisha watoto bab ya najisi. Je, hii yetu imekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeweka akiba ya kwenda Umra mara ya pili. Nikatafakari: Umra ya pili ni sunna, na kutomdhuru jirani ni wajibu. Fedha ile ikaenda kwa fundi.

Kwa kuwa kiwanja ni chembamba, hatukuchimba shimo jingine la kunyonya. Tulijenga tangi lililozibwa kwa zege chini na saruji kuta zote, upande wa barabara, mahali ambapo lori la kunyonya maji taka laweza kufika. Bakuli la choo lina kipindo kinachobakiza maji ili harufu isirudi ndani. Bomba la kupumulia limepanda juu ya paa, na mdomo wake umefungwa wavu kuzuia nzi. Maji ya kuogea tuliyatenga yaende kwenye migomba, mbali na kisima, ili tangi lisijae upesi. Shimo la kale lilinyonywa, likafukiwa.

Kisha nikaenda kwa bibi kumwomba radhi, na kumsihi achemshe maji ya kunywa. Akainama, akasema, "Mwanangu, nilishuku tangu masika. Nilikuonea haya, wewe ni sheikh."

Neno hilo limenichoma kuliko gharama yote. Heshima yangu ndiyo iliyomfunga mdomo, na watoto wakaumwa.

Basi ndugu zangu, pimeni leo masafa baina ya choo chenu na kisima kilicho karibu, kiwe chenu au cha mwenzenu. Mkiona shaka, msingoje jirani aseme. Huenda anawastahi. Mwendeeni nyinyi kwanza.

Wabillahi tawfiq.