Wasifu wa Shosho ulimsahau Shosho

Siku tulimzika Shosho, wasifu wake ukiwa unasomwa kwa maikrofoni, Guka aliniinamia sikioni akaniuliza, "Wanasoma habari ya nani?"

Nikadhani ni masikio. Guka ana miaka 86 na sikio la kushoto liligoma kitambo. Nikamwambia kwa sauti kidogo, "Ni ya Shosho, Guka."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Wangu alikuwa anacheka."

Wasee, hiyo ilinimaliza. Kwa sababu kile kijitabu nilikitengeneza mimi.

Kama wewe ndio yule wa kompyuta kwa familia yenu, unajua venye hii kitu huenda. Mtu anaaga Jumatatu. Jumanne kuna grupu la WhatsApp, kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna namba ya kutuma mchango. Halafu mtu anaandika, "Huyu kijana wa vidio atatufanyia kijitabu." Huulizwi. Unatumiwa picha arobaini zimepigwa kutoka kwa picha zingine, na maneno yameshaandikwa na wakubwa.

Na maneno yenyewe unayajua pia. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akabarikiwa na watoto sita, akatumikia kanisa, akaugua, akapumzika. Alikuwa mke mwaminifu, mama mpendwa, mcha Mungu na mwenye bidii. Badilisha picha ya jalada tu na hicho kijitabu kinaweza kuwa cha shosho yako. Au cha shosho wa jirani. Nimekaa kwa mazishi mengi hapa Kenya nikashika hivyo vijitabu vya rangi, na sai siwezi kukumbuka hata mtu mmoja aliyekuwa ndani.

Sisemi ni uongo. Shosho alikuwa mcha Mungu, alivaa kitambaa chake cha akina mama wa kanisa hadi siku za joto kali. Na bidii alikuwa nayo: kahawa alichuma, maziwa alipeleka, chama chake hakukosa hata siku ya mvua. Lakini hayo ni mambo alifanya. Alikuwa nani?

Alikuwa mtu wa kuniita "mume wangu." Kwetu kifungua mimba wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, kwa hivyo mimi na Guka tuna jina moja. Shosho hakuwahi kuacha huo mzaha. Nikiingia kwa geti: "Mume wangu amefika, wewe mzee toka kwa kiti." Na Guka anatoka kweli, amenuna, halafu wanaanza kucheka wote wawili. Hiyo ndoa ilikuwa na zaidi ya miaka 60 na bado walikuwa wanarudia mchezo mmoja.

Alikuwa pia mtu wa mwomboko. Kama hujui, hiyo ni dansi ya Wakikuyu ya miaka ya 1940: kodiani, kile chuma cha mviringo kinaitwa karing'aring'a, na watu wawili wawili. Hatua mbili unaenda, unapinda. Ina damu ya dansi za wazungu ndani yake, lakini wazee waliichukua wakaigeuza hadi ikawa yao kabisa. Shosho akiwa na miaka 79, kwa harusi ya binti yangu shangazi, alivua viatu akamvuta Guka katikati ya hema. Nina klipu ya sekunde 47. Guka anakosea hatua, Shosho anamchapa bega, anacheka hadi anashika meza.

Nilitaka hiyo iingie. Picha moja tu ya hiyo siku, na mstari mmoja: alipenda kucheza. Uncle wangu, mwenyekiti wa kamati, akanipigia usiku. "Kijana, mambo ya kucheza hayaingii hapo. Hii ni heshima ya mama yangu." Nikatoa. Nikaweka picha ile amekaa wima kwa studio, hajatabasamu, kama mtu anasubiri kitambulisho.

Nimemfikiria uncle sana tangu hiyo siku, na sitamfanya mtu mbaya hapa. Yeye alilelewa na huyo mama. Anajua kijijini watu huongea, na anajua mama aliyecheka sana miaka hiyo aliitwa mwepesi. Alikuwa anamlinda kwa njia anayoijua. Shida ni kwamba alimlinda hadi akapotea.

Hapa ndio msimamo wangu ulipo: tumekubali ati kuna mambo mazito ya kukumbuka mtu, kama kazi na ibada na kuvumilia, halafu kuna mambo mepesi, ya kuacha nje. Kwa Shosho huo mgawanyo haukuwepo. Kicheko ndicho alichotumia kushikilia hiyo nyumba. Watoto wawili wa kwake walikosana juu ya shamba na hawakuongea mwaka mzima. Hakuitisha mkutano. Aliwaalika wote chai siku moja bila kuwaambia, akaficha vijiko vyote isipokuwa kimoja, akawaambia wapokezane. Huwezi kuomba kijiko kwa mtu hamuongei. Hiyo ni kazi ya mama. Hiyo ni bidii. Haikuandikwa.

Na kuna ile ya "mke mwaminifu." Najua mbogi ya mtandaoni ikisoma hayo maneno inasikia kitu kingine: mwanamke aliteseka akanyamaza, sasa tunamsifu kwa kunyamaza. Mara nyingi mko sawa. Lakini skizeni hii. Mwaka 1971 Guka aliuza ng'ombe bila kumwambia. Shosho alifunga nguo zake, akachukua mtoto mdogo mgongoni, akarudi kwao. Wiki mbili. Guka alipika uji unaungua wiki mbili, halafu akaenda na wazee kumwomba arudi. Alirudi, na tangu hiyo siku hakuna hata kuku aliuzwa hapo bila yeye kuulizwa. Hadithi hii yeye mwenyewe ndiye aliisimulia, Guka akiwa hapo hapo anaangalia dari. Ukiandika tu "mke mwaminifu" umeficha kwamba alikuwa na mlango, aliutumia, na alichagua kurudi. Mimi naona huo ndio uaminifu wenyewe.

Sasa nifike kwa sehemu yangu, kwa sababu ni rahisi kulaumu kamati.

Nilipoacha kampasi mwaka wa pili, nyumbani kulikuwa moto. Shosho aliniuliza swali moja: "Mume wangu, hiyo kazi ya simu inaleta majani chai?" Nikamwambia mara moja moja. Akasema basi tuanze na mimi. Ndio mkaanza kumwona kwa vidio zangu, akiskiza ngoma za vijana akikunja uso. Mlimpenda. Mlimpenda sekunde ishirini ishirini.

Siku moja nilimwacha kamera ikiwa imewashwa akaongea dakika 11. Aliongea juu ya 1954, akiwa na miaka 11, wakati mkoloni alitoa watu kwa mashamba yao akawasukuma kwa vijiji vya hali ya hatari. Zaidi ya watu milioni moja walisukumwa hivyo. Hiyo nambari nimeisoma kwa vitabu. Kwa Shosho nilipata kitu vitabu havina: kwamba usiku wa kafyu, wasichana walicheza ndani ya nyumba miguu mitupu, bila ngoma, bila kuimba, mama mmoja akiwa mlangoni anaskiza hatua za ngati, wale walinzi waliokuwa upande wa serikali. Kucheza bila sauti. Halafu akasimama akaigiza vile ngati mmoja alikuwa anatembea, tumbo mbele, bunduki ikimvuta upande.

Mimi nilichukua nini? Hiyo ya kutembea. Sekunde 20. Ilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Zile dakika zingine nilizifuta, kwa sababu simu ilikuwa imejaa na nilikuwa nataka kurekodi kitu kingine. Hicho kitu kingine sikikumbuki hata kidogo.

Kwa hivyo uncle alikata kicheko akabakisha heshima. Mimi nilikata kila kitu nikabakisha kicheko. Tulimkata Shosho wote wawili, kila mtu kwa mkasi wake.

Nini nataka mfanye? Si ati mwende mkawafanye shosho zenu kontenti. Wachana na hiyo. Nataka urekodi kitu ambacho hutaposti. Sauti tu inatosha, weka simu mezani ikiwa imelala. Muulize alikuwa anacheza nini akiwa na miaka yako. Muulize siku gani alitaka kuondoka na kwa nini alibaki, au kwa nini alirudi. Muulize ni nani alikuwa anamchekesha. Halafu nyamaza, usimharakishe. Ile sehemu unaona inaboesha ndio siku moja utaitafuta. Na kabla ya kufuta, nunua nafasi, futa picha zako za chakula.

Na siku ikifika na uko kwa kamati, pigania mstari mmoja. Mimi sikupigania. Nilisema "sawa uncle" nikarudi kupanga rangi.

Jumamosi hizi naenda kwa Guka na rekoda. Anaongea polepole na anarudia, na simkatizi. Ile klipu ya mwomboko nilimwekea kwa simu yake ndogo, siwezi kuiweka hapa, msiniombe. Huwa anaiwasha sauti ikiwa juu kabisa, anaangalia hadi pale anapochapwa bega, halafu anarudisha mwanzo.

Hapo chini kwa maoni, niandikie kitu kimoja ambacho shosho wako hufanya na kamati haiwezi kukubali kisomwe. Kimoja tu. Nitasoma vyote.