Nguo za Njiti Ziwekwe Madukani

Katika mji wowote wa nchi hii, mtu akitaka nguo za harusi hakosi duka. Akitaka jezi ya timu aipendayo, huuziwa hata kando ya barabara. Lakini baba ambaye mkewe amejifungua usiku wa kuamkia leo, kabla miezi haijatimia, mtoto wa kilo moja na nusu, akiingia madukani kutafuta kofia na soksi za kumtosha mtoto huyo, aweza kuumaliza mtaa mzima na kurudi hospitali mikono mitupu. Jambo hili si dogo, na leo twapenda kulisema wazi.

Watoto hao, ambao wananchi wamezoea kuwaita njiti, ni wale wanaozaliwa kabla mimba haijatimiza majuma 37. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 walizaliwa watoto wa namna hii milioni 13.4 ulimwenguni, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi. Basi huu si mkosi wa nyumba fulani, wala si aibu ya mama fulani. Ni jambo linalobisha hodi kwa mkulima na kwa karani, kwa kuli wa bandarini na kwa daktari mwenyewe.

Nguo za watoto wachanga zilizojaa madukani hukatwa kwa kipimo cha mtoto aliyetimia, mwenye kilo tatu au zaidi na urefu wa sentimeta 50 hivi. Mtoto wa majuma 32 kwa kawaida hafiki kilo mbili, na urefu wake ni kama sentimeta 42. Wa majuma 28 huwa na kilo moja tu. Mvike huyu nguo ya yule, utaona mikono ya nguo inapita vidole, shingo yake inashuka kifuani, kofia inafunika macho na pua, na nepi inafika kwapani. Nguo iliyopwaya namna hiyo haiweki joto, na joto ndilo riziki ya kwanza ya njiti. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi ni machache, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, hivyo joto humtoka upesi. Madaktari wanatufundisha kwamba joto la mwili wake lisishuke chini ya digrii 36.5. Mtoto wa namna hii aweza kupoa hata Dar es Salaam, mahali ambapo sisi wakubwa tunatokwa na jasho, sembuse Njombe au Lushoto katika mwezi wa Julai!

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba nguo ndiyo inayomwokoa njiti. Nguo ya kwanza ya mtoto huyu ni kifua cha mama yake. Jambo hilo lilidhihirishwa katika mji wa Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, wakati Daktari Edgar Rey Sanabria, alipoona mashine za kuwatia joto watoto hazitoshi, alipowapa akina mama watoto wao wawabebe kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi. Na katika mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania yetu ikiwa mojawapo, yakionyesha kwamba watoto wadogo waliobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo kuliko wale waliosubiri kwanza mpaka hali zao zitulie. Sasa mtoto anayebebwa kwa njia hiyo huvaa nini? Huvaa kofia, soksi na nepi, basi. Vitu vitatu! Na vitu hivyo vitatu, kwa kipimo chake, ndivyo vinavyokosekana.

Tumewauliza baadhi ya ndugu zetu wenye maduka kwa nini hawaviweki. Jibu lao ni kwamba wanunuzi ni wachache na fedha italala. Hatuwezi kulikejeli jibu hilo, kwa kuwa mwenye duka analipa pango, analipa kodi, naye ana watoto wa kulisha. Lakini twamwomba afikiri tena. Mtu aliyeingia mara moja akaambiwa hakuna, harudi kuuliza mara ya pili, na mwenye duka hubaki akiamini kwamba hakuna anayehitaji. Tena wengi wetu tunayo desturi ya kutonunua nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Kwa hiyo njiti anapokuja kabla ya siku zake, nyumbani hakuna kitu, na tegemeo pekee ni duka. Kofia dazeni moja na soksi dazeni moja hazijazi hata rafu moja. Duka lililo karibu na hospitali ya mkoa au ya wilaya, lenye kuviweka vitu hivyo siku zote, litajulikana kwa wauguzi na kwa wazazi, na jina jema ni mtaji.

Lipo jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mahali pachache ambapo nguo hizi hupatikana, huuzwa zikiwa zimefungwa pamoja ndani ya boksi lenye utepe: kofia, gauni, blanketi, kitambaa cha mdomo na vikorokoro vingine, kwa bei inayomeza mshahara wa siku nyingi. Aliyetaka kofia hulazimishwa kununua boksi zima. Mtu aliyetaharuki hapatani bei, hutoa alicho nacho, na asipokuwa nacho hukopa. Kuitumia taharuki ya mzazi kumtoza zaidi ni ulanguzi, hata kama mlanguzi mwenyewe anatabasamu. Vitu hivi viuzwe kimoja kimoja, na bei iandikwe ionekane.

Wauzaji nao wajifunze wanachokiuza. Nguo ya njiti iwe ya pamba laini. Ifunguke mbele yote, ili mama amweke mtoto kifuani na muuguzi afikie mirija bila ya kumvua. Isiwe na kamba shingoni, wala vifungo vigumu, wala nyuzi zinazoning'inia ndani ya soksi, kwa maana uzi mmoja waweza kukikaba kidole cha mtoto bila ya mtu kujua. Lebo yake iandikwe kilo, isiandikwe miezi, kwa sababu njiti wa miezi miwili aweza kuwa mdogo kuliko mtoto aliyezaliwa jana. Muuzaji aulize, "Mtoto ana kilo ngapi?" Asiulize, "Kweli huyu ataishi?" Maneno hayo ya pili yamesemwa mbele ya akina mama, nao hawakuyasahau.

Wala tusingoje meli ituletee kofia kutoka ng'ambo. Pamba inalimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, na sehemu kubwa yake tunaiuza nje ikiwa bado haijasokotwa. Mafundi cherehani tunao kila mtaa, na akina mama wajuao kufuma hawana idadi. Muuguzi akitoa vipimo, fundi akakata, na duka la ushirika likaweka, kazi imekwisha, na fedha imebaki hapa hapa.

Kwa wafanyakazi wenzetu twasema hivi. Katika mwaka 2025 sheria zetu za kazi zilirekebishwa ili mama aliyejifungua njiti aongezewe muda wa likizo. Hiyo ni hatua kubwa, na anayestahili aidai bila ya woga. Lakini likizo ni siku, haimvishi mtoto. Kila tawi la chama cha wafanyakazi laweza kununua kofia, soksi na nepi chache za kipimo kidogo, zikakaa kabatini zikimngoja mwenzetu atakayepigiwa simu usiku. Mchango wa kila mmoja hautazidi nauli ya daladala. Haba na haba hujaza kibaba.

Tarehe 17 Novemba ya kila mwaka huadhimishwa siku ya watoto hawa duniani kote. Hotuba hutolewa na picha hupigwa. Sisi twapendekeza kipimo kingine cha maadhimisho hayo: siku hiyo kila mmoja wetu aingie katika duka la nguo la mtaani kwake aulize kama ipo kofia ya mtoto wa kilo moja na nusu. Akiambiwa hakuna, asiondoke kimya. Amwambie mwenye duka kwamba atarudi kuuliza tena mwezi ujao, na mwezi ujao arudi.