Acheni Kuchagua Sare, Someni Mkataba

Katika kila mji wa Marekani wenye Waafrika Mashariki wa kutosha kuanzisha kanisa, msikiti au chama cha kuzikana, wapo washauri wa mambo ya jeshi wasiolipwa na mtu. Kijana wa miaka thelathini na ushee, anayepiga zamu mbili kwenye nyumba za wazee, akitamka tu kwamba anafikiria kujiunga, baraza linakaa papo hapo. "Kaka, nenda Air Force, kule ni kwa wasomi, mnalala kama hotelini." "Navy utaizunguka dunia bure." "Army ni ya waliofeli mtihani." "Marines? Na hao watoto utamwachia nani?" Coast Guard haitajwi, na ikitajwa huulizwa kama na hilo nalo ni jeshi. Kijana anaondoka na jina moja kichwani, akiamini kazi ngumu imekwisha na kilichobaki ni vipimo vya afya.

Imani hiyo, kwamba uamuzi mkubwa ni jeshi lipi, ndiyo inayowaponza watu wazima wetu. Jina la jeshi ni uamuzi wa tatu au wa nne. Maisha yako yataamuliwa na kazi iliyoandikwa kwenye mkataba, na aina ya utumishi unaoingia, yaani wa muda wote, wa akiba au wa National Guard ya jimbo lako. Yataamuliwa pia na hali yako ya kisheria siku unayoinua mkono kuapa. Mtoto wa miaka 19 akikosea hapo, ana muda wa kujirekebisha. Mwenye miaka 34, mke, watoto wawili na mama anayesubiri pesa ya dawa Kisii au Moshi, muda huo hana.

Tuanze na madaraja ya vijiweni. Anayekimbilia Navy hudhani amekwepa vita vya ardhini. Lakini Marines hawana matabibu wao wenyewe, matabibu wao hutoka Navy. Baharia aliyechagua utabibu akiwaza wodi safi na kiyoyozi anaweza kujikuta kavaa kofia ya chuma, anatembea kwa miguu na kombania ya Marines huku begi la dawa likiwa mgongoni. Air Force nayo ina watu ambao kazi yao ni kuandamana na askari wa miguu wa Army na kuita ndege zipige. Na hiyo Army inayobezwa ina marubani, mafundi wa helikopta, wahasibu, wanasheria na madaktari wa meno. Hata mbwa wa vikosi vingine hutibiwa na madaktari wa mifugo wa Army.

Paul Chelimo, mzaliwa wa Kenya, alipochukua medali ya fedha ya mita 5,000 kule Rio mwaka 2016, alikuwa askari wa Army. Aliingia kupitia mpango wa MAVNI, uliowaruhusu wageni wasio na grinikadi kuandikishwa kwa sababu ya lugha au taaluma zao, na ambao ulifungwa mwaka huo huo wa 2016. Kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa utaalamu wa kusafisha maji, na mbio zake zilisimamiwa na programu ya Army ya wanamichezo wa kiwango cha dunia. Mkenya mwingine aliyeandikishwa wakati huo huo huenda aliendesha lori la mizigo au alipika chakula cha kikosi. Jeshi lao moja, sare yao moja, na maisha hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo ukiniambia "mimi naingia Army" hujaniambia kitu, na ukiniambia "mimi naingia Air Force" hujaniambia zaidi.

Imani ya pili, dada yake ya kwanza, husema kwamba akiba na National Guard ni jeshi la wikiendi. Ni kweli ratiba ya kawaida ni wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka. Lakini waulizeni watu wa Minnesota, jimbo lenye ndugu zetu wengi. Brigedi ya National Guard ya jimbo hilo iliitwa mwaka 2005 na haikurudi nyumbani hadi 2007, miezi 22 ukijumlisha mafunzo, kwa sababu muda wake uliongezwa ikiwa tayari Irak. Januari 2024 droni ilipopiga kambi ya Tower 22 kule Jordan, askari watatu waliokufa walikuwa wa jeshi la akiba kutoka Georgia, watu wa kikosi cha uhandisi. Na wale wanaodhani hatari inakaa kwa askari wa miguu peke yao wakumbuke Manda, Lamu, Januari 2020. Askari wa Marekani aliyeuawa pale na Al-Shabaab alitoka kikosi cha kuhudumia kiwanja cha ndege.

Sisemi hivyo kuwatisha watu waikimbie akiba. Kwa mtu mzima mwenye kazi inayoeleweka, naiona mara nyingi kuwa njia bora kuliko hiyo Air Force ya muda wote anayoshangiliwa nayo. Muuguzi anayelipwa vizuri Dallas haachi mshahara wake, hahamishi watoto shule, na akiitwa, sheria ya mwaka 1994 inamlazimisha mwajiri kumrudishia nafasi yake, ilimradi masharti yake yametimizwa. Anaweza kununua bima ya afya ya jeshi kwa bei ambayo soko la kawaida halimpi. Akiwa wa National Guard, majimbo mengi humsaidia na karo. Lakini aingie akijua kwamba ataitwa, na kama yuko National Guard ana wakubwa wawili, gavana na rais, na yeyote kati yao anaweza kuharibu likizo yake. Barazani hayo hayasemwi, kwa sababu huko kila mtu anashughulika kulinganisha majina.

Jambo la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa linawaumiza waliosoma. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kuandikishwa kama askari wa kawaida, ila kwa kawaida hapewi kamisheni ya uofisa, wala kazi zinazohitaji kibali cha kuona siri za serikali. Sasa mtu ana digrii ya kompyuta kutoka Nairobi au Dar es Salaam, ana grinikadi ya mwaka mmoja, na baraza linamwambia aende Air Force "akafanye saiba". Mlango huo kwa siku ile umefungwa, hata apate alama zote. Vivyo hivyo muuguzi mwenye digrii. Akiwa raia angeweza kuingia moja kwa moja kama luteni. Akikimbilia kuandikishwa kabla ya uraia, atapigishwa kwata na sajini aliyemzidi cheo lakini mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili.

Si kosa kuingia kabla ya uraia. Sheria inamruhusu askari kuomba uraia bila kusubiri ile miaka mitano ya kawaida, na wengi wameapa wakiwa bado mafunzoni. Kosa ni kuingia bila hesabu. Uraia uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kufutwa ukiondolewa jeshini kwa hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi. Na kamisheni nayo ina ukomo wa umri. Mwenye miaka 36 aliyepanga "niingie, nipate uraia, halafu niwe ofisa" anakimbizana na saa, na aliyempa ushauri amekwenda zake kulala.

Kuna jibu linalotolewa kila ukiyasema haya: ingia kwanza, kazi utabadilisha ukiwa ndani. Hili ni jibu la mtu asiyewahi kuomba kubadilishwa. Kuhamia kazi nyingine kunategemea mahitaji ya jeshi, alama zako na muda uliobaki kwenye mkataba, na katika hayo matatu mahitaji ya jeshi ndiyo yanayoongea kwa sauti kubwa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Alama zenyewe zinatoka kwenye mtihani wa ASVAB, na hapa watu wetu wanajidhulumu kwa haraka. Mtihani huo ni wa Kiingereza. Una sehemu za msamiati na ufahamu ambazo humshusha hata mwalimu wa hesabu aliyezikokotoa namba zote sawasawa. Army kwa kawaida hupokea kuanzia alama 31, na akizifikisha, mtu anapigiwa makofi: umepita! Amepita kuingia, lakini kazi nyingi zinataka zaidi ya kupita, hivyo anaandikiwa kilichobaki kwenye orodha. Simdharau dereva wala mpishi wa jeshi. Ninachouliza ni kwa nini mtu aliyekuwa dereva wa lori Ohio avuke mafunzo yote yale ili awe dereva wa lori Kuwait, kwa mshahara mdogo zaidi, wakati miezi mitatu ya kusoma kwa bidii ingemfungulia ufundi ambao angetoka nao. Mtihani unarudiwa: mwezi mmoja baada ya mara ya kwanza, mwezi mwingine baada ya pili. Tangu Agosti 2022 Army yenyewe ina kozi ya maandalizi Fort Jackson, South Carolina, kwa waliopungukiwa alama au waliozidi uzito. Jeshi lenyewe limekubali kwamba mtu hufundishika. Sisi ndio tunaomharakisha.

Sasa tufike kwenye karatasi. Mkataba wa kuandikishwa kwa majeshi yote ni fomu moja, DD Form 4. Usiipitie tu, isome. Kipengele cha 8 kinasema kwamba makubaliano yaliyoandikwa hapo na kwenye viambatisho ndiyo ahadi zote ulizopewa na serikali, na kwamba lolote jingine uliloahidiwa na mtu yeyote si halali na halitatekelezwa. Maneno hayo yameandikwa kwa herufi kubwa ili mtu asije kudai hakuyaona. Kipengele cha 9 kinaongeza kwamba sheria zinaweza kubadilika bila wewe kuarifiwa, zikagusa mshahara, posho na wajibu wako, haidhuru mkataba unasema nini. Kinachofuata kinakukumbusha kwamba anayeingia mara ya kwanza anafungwa miaka minane. Ukiambiwa "ni miaka minne tu", minne mingine ipo, kwenye akiba ya majina, ambako unaweza kuitwa.

Weka hayo pembeni ya maneno uliyoambiwa na afisa wa kuandikisha. Yeye si adui. Ni askari aliyepewa idadi ya watu wa kuleta kila mwezi, na anauza alichonacho ghalani. Akisema bonasi, uliza italipwa kwa awamu ngapi na utairudisha vipi usipomaliza muda. Akisema "kazi hiyo utaipata ukifika", uliza imeandikwa kwenye kiambatisho kipi.

Hapo ndipo nakubali kwamba jina la jeshi lina uzito wake, ila kwa sababu zisizotajwa barazani. Kwanza umri. Marines husimama kwenye miaka 28 bila kibali maalumu. Navy ilipandisha ukomo hadi 41 mwaka 2022, Air Force hadi 42 mwaka 2023. Kwa mwenye miaka 37, mjadala wa kama Marines ni wanaume kweli ni porojo. Pili, majeshi hayaandiki ahadi kwa namna moja. Army huandika kazi yenyewe na nafasi ya mafunzo yake. Marines kwa kawaida huahidi kundi la kazi, kisha wao ndio wanaokuchagulia ndani ya kundi. Air Force inaweza kukuandikisha kwa eneo la vipaji tu, na Navy imewahi kuwa na njia ya kuingia bila fani, ukaanza kwa kupaka rangi meli na kuvuta kamba huku ukisubiri nafasi. Ndiyo kusema Army ya "waliofeli" inaweza kumpa fundi wetu ahadi ya maandishi ambayo Air Force ya "wasomi" haijampa. Anayechagua jina kwanza hawezi kuiona tofauti hiyo.

Najua kwa nini tunashikilia majina. Jina linapigika picha. Sare ya buluu ya Marines ikitumwa kwenye kundi la familia, shangazi Mombasa ataisambaza kabla chai haijapoa, na hakuna shangazi aliyewahi kusambaza kiambatisho cha mkataba. Lakini picha hailipi karo ya mtoto. Karo italipwa na haki ya masomo ambayo askari huipata kwa utumishi wake, na ili umhamishie mwanao haki hiyo unahitaji kutumikia angalau miaka sita kisha kukubali minne zaidi. Ukiingia na miaka 35, fanya hesabu utakuwa na mingapi. Pensheni ya muda wote inataka miaka 20. Ya akiba, kwa kawaida, huanza kulipwa ukifika 60.

Basi geuzeni mpangilio. Anzeni na hali ya kisheria: raia au grinikadi, na inafungua milango ipi. Ifuate aina ya utumishi ambayo nyumba yako inaweza kuibeba, na hili lizungumzwe na mwenzako kabla hujazungumza na mwenye sare. Kisha kazi, kwa alama zinazoipata kweli. Jeshi liwe lile litakaloiandika kazi hiyo kwa wino. Na kama umeshaapa kiapo cha kwanza cha kusubiri safari, ukagundua kilichoandikwa sicho ulichoambiwa, ujue kwamba kabla ya siku ya kuondoka unaweza kuomba kujitoa kwa barua, na afisa haruhusiwi kukutishia jela.

Washauri wetu wa barazani nao nawapa kazi. Kijana akija tena kuuliza jeshi lipi, mwambieni alete fomu na kalamu nyekundu. Asiyeweza kumsaidia kuisoma, amwache ale chakula chake kwa amani.