Mtazamaji wa Tamthilia za Uhalifu na Wajibu wa Kuhukumu kwa Haki

Tamthilia ya uhalifu husimama juu ya uamuzi wa mhusika. Mwizi huamua kuiba au kuacha, askari huamua kupokea rushwa au kuikataa, mke huamua kumfichua mumewe au kumsitiri, na shahidi huamua kusema au kufumba mdomo. Mtazamaji naye hakai kimya mbele ya maamuzi hayo. Hushangilia, hulaani, humwita huyu mjinga na yule kiboko. Na kila neno alitoalo ni hukumu. Hukumu hiyo haina karani wala muhuri, lakini humzoesha mwenye kuitoa namna ya kupima mema na mabaya ya watu. Anayezoea kuhukumu ovyo mbele ya runinga hataacha mazoea hayo mlangoni atokapo kwenda mtaani. Kwa hiyo hata hukumu ya sebuleni inastahili kutolewa kwa haki.

Katika wilaya ya Rungwe hukumu za namna hii hutolewa kwa wingi. Mji wa Tukuyu na vijiji vinavyouzunguka hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na jioni za baridi huwaingiza watu ndani mapema. Mkulima aliyeshinda akichuma chai Katumba, mama aliyeuza ndizi na viazi sokoni, mwanafunzi na dereva wa bodaboda, wote huishia mbele ya runinga, nyumbani au kwenye kibanda umiza, yaani banda la video. Asubuhi yake kisa cha jana hurudiwa kijiweni na ndani ya gari la kwenda Kiwira, na mabishano huwa makali kama ya mpira.

Mapenzi ya visa vya uhalifu yana historia ndefu kwa wasomaji wa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akimleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na akili tulivu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na miaka ya 1970 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba, mpelelezi wa bastola na mwendo wa kasi. Picha zilifuata maandishi. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990, ITV ikianza mwaka 1994. Michezo ya kikundi cha Kaole ikawatoa akina Steven Kanumba na Vincent Kigosi. Mabanda ya video yakaleta filamu za nje zilizosimuliwa upya na watafsiri kama Derek Mukandala, aliyefahamika kwa jina la Lufufu. Kisha zikaja sizoni, yaani tamthilia za mfululizo, za Marekani, Prison Break ikiwa mbele, kwa diski na baadaye kwa flashi. Mwaka 2021 Kenya nayo ilitoa Crime and Justice, ambamo Sarah Hassan na Alfred Munyua waliigiza wapelelezi Makena na Silas wa Nairobi, katika visa vinavyokaribia habari za kweli za magazetini.

Makosa ya mtazamaji katika kuhukumu ni mengi, lakini manne ndiyo yanayojirudia, na kila moja lina mwenzake katika maisha halisi.

Kosa la kwanza ni kumpendelea yule ambaye kamera inamfuata. Steringi, yaani mhusika mkuu, huonyeshwa akiwa na madeni yake, maradhi yake na watoto wake wanaolia. Mtazamaji hujua siri zake zote, akamwona kama ndugu. Anayeuawa kizani, asiye na jina wala familia kwenye picha, huonekana kama si mtu. Katika banda la video mtafsiri huweza kuongeza upendeleo huo, kwa kumsifu steringi na kumkejeli adui kwa maneno yake mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Breaking Bad, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2008 hadi 2013. Walter White, mwalimu wa kemia aliyepatikana na saratani ya mapafu, anaanza kutengeneza dawa za kulevya akidai kwamba anaiwekea familia yake akiba. Watazamaji wengi duniani walimwonea huruma, kisha wakastaajabia akili zake, na mwishowe wakamtetea hata alipoua. Hesabu za kisa chenyewe zinakataa utetezi huo. Mapema kabisa marafiki zake wa zamani walijitolea kumgharimia matibabu, naye akakataa kwa kiburi. Baadaye alisimama akimtazama binti aitwaye Jane akipaliwa na matapishi hadi kufa, ilhali angeweza kumwokoa kwa kumgeuza tu ubavu. Katika kipindi cha mwisho anakiri mbele ya mkewe kwamba yote aliyafanya kwa ajili ya nafsi yake. Mtunzi aliweka ushahidi wote mezani, na bado wapo waliofika mwisho wa kisa wakiwa upande wa muuaji. Akili ya mtu iliwapendeza, wakaihesabu kuwa wema.

Prison Break inataka mizani ya makini zaidi, kwa kuwa nia ya steringi wake ni njema. Michael Scofield anaiba benki kwa makusudi ili afungwe katika gereza la Fox River, alimo kaka yake Lincoln anayesubiri kuuawa kwa kosa asilolitenda. Undugu wa namna hiyo unaeleweka vizuri Rungwe, ambako mtu huuza shamba kumsomesha mdogo wake. Lakini ili mpango utimie, Michael analazimika kutoka na wafungwa wengine, akiwemo T-Bag, ambaye akishakuwa huru anaendelea kuua. Sara, daktari wa gereza, anaacha mlango wazi kwa ajili ya Michael, akaharibikiwa na kazi na nusura apoteze maisha. Mtazamaji wa haki anaweza kumpenda Michael na papo hapo akawahesabu waliolipa gharama ya upendo wake. Mhusika mwenyewe huwahesabu, na dhamiri humsumbua. Haifai mshangiliaji awe mwepesi wa moyo kuliko yule anayemshangilia.

Kosa la pili ni kumchukia anayemzuia mkosaji au anayesema ukweli. Katika Breaking Bad chuki hiyo ilimwangukia Skyler, mke wa Walter. Alipogundua siri alimtaka mumewe aondoke nyumbani na akaanzisha hatua za talaka; watazamaji wengi wakamwita mkorofi na mharibifu wa starehe. Wachache waliuliza mama mwenye mtoto mchanga angefanya nini anapojua kwamba mumewe anawaletea wauaji mlangoni. Skyler hakuwa msafi pia, kwani baadaye alisaidia kuzisafisha fedha haramu kupitia biashara ya kuosha magari. Hilo ndilo lililostahili kulaumiwa. Lakini alichukiwa zaidi kwa kukataa kuliko kwa kushiriki, na hapo ndipo mizani ilipopinda.

Kupinda huko kuna madhara nje ya sebule. Kijijini hutokea mtu akajua nani aliyevunja duka au nani anayemdhuru mtoto wa jirani, akanyamaza kwa kuogopa kuitwa msaliti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, humtaka anayejua habari za makosa ya jinai azifikishe polisi au kwa kiongozi wa eneo lake. Mwaka 2015 Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Hata ugumu wa mke kama Skyler sheria inautambua, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi kwa kawaida haimlazimishi mume au mke kumshuhudia mwenzake kwa ubaya, ingawa yapo makosa ambayo kinga hiyo haiyafikii. Bunge limetambua kwamba kusema ni jambo zito na la hatari. Mtaa unaomzomea msema kweli wa kwenye picha humfundisha msema kweli wa mtaani kunyamaza. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kosa la tatu ni haraka. Kipindi kikifika dakika ya kumi, sebule nzima imekwisha kumjua muuaji: ni yule mwenye sura kali, au yule mgeni, au mama wa kambo. Watunzi wa visa vya upelelezi wanaujua udhaifu huo na hujenga mitego yao juu yake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale mzee Ali bin Said anakutwa ameuawa mahali pa matambiko, na minong'ono inaelekea kwenye mizimu. Bwana Msa hakubali wala hakatai upesi. Anauliza, anapima saa na mahali, anasikiliza asiyependa kusema, mpaka jambo linajidhihirisha. Kupitia yeye msomaji wa Kiswahili alifundishwa subira kabla runinga haijafika kwake.

Subira hiyo ni msingi wa sheria ya nchi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa wa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Pamoja na hayo, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikieleza katika taarifa zake za kila mwaka habari za watu wanaouawa na makundi yanayojichukulia sheria mkononi. Kelele moja ya mwizi sokoni hutosha, na mawe hutangulia maswali. Tamthilia ya upelelezi inayotazamwa vizuri ni dawa ya haraka hiyo, kwa maana kila mara humwonyesha mtazamaji jinsi alivyokuwa na hakika, na jinsi hakika yake ilivyokuwa ya uongo. Mtu aliyekosea mara ishirini juu ya muuaji wa kwenye picha ana sababu ishirini za kuuzuia mkono wake siku ya kelele za sokoni.

Kosa la nne ni kumchanganya mwigizaji na mhusika. Anna Gunn, aliyemwigiza Skyler, aliandika katika gazeti la New York Times mwezi Agosti 2013 kwamba chuki dhidi ya mhusika ilikuwa imemgeukia yeye mwenyewe, hata mtu mmoja akauliza anapatikana wapi ili amuue. Nchini pia waigizaji wanaopewa nafasi za ubaya hutupiwa maneno njiani. Anayeigiza ubaya mpaka watu wakauchukia ubaya wenyewe ameifanya kazi yake vizuri, na anastahili shukrani. Kumtukana kwa hilo ni kuwafukuza wasanii katika nafasi ngumu na kuacha hadithi za nchi zibaki na malaika peke yao.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni maigizo, na kwamba mtu aliyechoka na shamba ana haki ya kucheka na kushangilia bila kuulizwa. Haki hiyo ipo, na hakuna haja ya kuigeuza sebule kuwa mahakama. Lakini binadamu hajifunzi kwa vitabu peke yake. Hujifunza pia kwa anachokifurahia mara kwa mara. Kwa miaka mingi mahakama za mwanzo zimeketi na washauri waliotoka miongoni mwa wananchi wa kawaida, na mabaraza ya kata yaliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1985 yamejazwa na watu wa kata hizo hizo. Mtazamaji wa leo ndiye shahidi, mshauri au mjumbe wa kesho. Kama starehe yake imemzoesha kumpenda mjanja na kumdharau mwathirika, atakwenda na mizani hiyo barazani.

Rungwe ina akiba yake ya kuliendea jambo hili. Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi na Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, miaka ya 1930, walikuta vijiji vya marika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga na kukaa pamoja. Katika kitabu cha Good Company, kilichotoka mwaka 1951, Monica Wilson alieleza thamani iliyowekwa katika ukwangala, yaani kukaa na wenzio kwa furaha, kula, kunywa na kuzungumza. Ilisadikiwa kwamba mtu hupata hekima kwa kuzungumza na wa rika lake, akisikia hoja zao na kuzijibu kwa adabu. Vijiji vya marika havipo tena, lakini mazungumzo yapo. Mjadala wa tamthilia kijiweni unaweza kuwa ukwangala wa kizazi hiki, iwapo wanaojadiliana watatoa hoja na kuacha kuzomeana.

Maswali ya kuongoza mjadala huo ni machache. Mhusika alijua nini wakati alipoamua? Njia gani nyingine ilikuwa wazi mbele yake, na kwa nini aliiacha? Nani alilipa gharama ya uamuzi wake, na je, mwathirika huyo ameonyeshwa au amefichwa? Angekuwa mtu wa mtaa huu na si steringi, angesemwaje? Anayejibu maswali hayo anaweza kumhurumia mkosaji bila kuusafisha uhalifu wake.

Wajibu mkubwa zaidi ni wa wazazi na wenye mabanda. Bodi ya Filamu hupanga kazi kwa umri chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mpango huo hauna maana kama mtoto wa darasa la tatu anaingia bandani kwa kuwa ana kiingilio. Kwa vijana waliokwisha kukua, kuwakataza hakutoshi. Inafaa mzazi akae nao, atazame nao, na kipindi kikiisha awaulize nani amedhulumiwa kabla ya kuwauliza nani ameshinda. Mwenye banda naye ana sauti mbele ya wateja wake, na mtafsiri ana sauti kubwa zaidi; ni vema waitumie kumtaja aliyeumizwa kwa jina lake. Jamii ikizoea hivyo itaendelea kuvifurahia visa vya uhalifu, na itapata pia watu wanaojua kusikiliza pande zote mbili kabla ya kunyoosha kidole.